Ukiwa na Bima, Anzia Zahanati

Hapa Nsemulwa, majirani huniuliza: "Mama, kadi ninayo, kwa nini nisiende moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi?" Nawajibu kwamba bima ina ngazi zake.

Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulipoanza mwaka 2018, kaya ya watu hadi 6 mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Ukiumwa, unaanzia zahanati au kituo cha afya. Wahudumu wa hapo wakishindwa, wanakuandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa. Ukiruka ngazi bila barua, jiandae kulipa mwenyewe, isipokuwa kwa dharura.

Naupenda utaratibu huu. Mganga wa karibu anaijua presha yako, anakumbuka dawa uliyotumia, na malaria ya mtoto anaitibu bila kukupotezea nauli. Madaktari wa mkoani nao wanabaki na wagonjwa mahututi.

Lakini ngazi ya kwanza isipokuwa na dawa wala vipimo, sharti hili linamwonea mgonjwa. Serikali ijaze zahanati kwanza. Nawe, kabla ya kuondoka, dai barua yako ya rufaa. Ni haki yako.