Dimbwi la Vyura: Lijae kwa Mvua, Likauke Kiangazi

Mvua za kwanza za Novemba zikishanyesha Shinyanga, vyura hulia usiku kucha. Baadhi yao walijifukia ardhini kiangazi chote. Wakitoka wana haraka: watage, na viluwiluwi viote miguu kabla maji hayajakauka.

Kwa hiyo anayetaka vyura uani asichimbe bwawa la kudumu. Maji yasiyokauka hukaribisha konokono wa kichocho, na hatimaye mtu hutia samaki, nao humaliza viluwiluwi. Vyura wetu wanataka dimbwi la msimu. Ndiyo maana wamejaa kwenye majaruba ya mpunga.

Chimba mita mbili kwa tatu, kina cha katikati sentimita 40, kingo ziteremke taratibu ili vyura wachanga waweze kupanda nchi kavu. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa na kushindiliwa hushika maji wenyewe. Penye kichanga, tandika turubai. Acha nyasi kandoni, na tawi moja lining'inie juu ya maji. Wapo vyura wanaotaga ndani ya povu jeupe kwenye tawi. Viluwiluwi vikianguliwa, hudondoka majini. Penye watoto wadogo weka uzio, maana hata maji haya huweza kumzamisha mtoto.

Jaza kwa maji ya mvua. Ya bomba yana klorini. Yaache kwanza kwenye ndoo wazi siku mbili. Usilete vyura kutoka kwingine, kwani wanaweza kubeba kuvu wa ngozi anayeua. Kuvu huyo anahusishwa na kutoweka kwa chura wa Kihansi, aliyetangazwa mwaka 2009 kuwa hayupo tena porini. Vyura wa jirani watakuja wenyewe.

Sasa malaria, ambayo mikoa ya Shinyanga na Geita inaijua vizuri. Usitegemee viluwiluwi vya chura kumaliza mabuu ya mbu. Vingi hula mwani. Yai la mbu huwa mbu kamili kwa wiki moja au mbili. Kila wiki chota maji kwa bakuli jeupe: mabuu yanayolala sambamba na uso wa maji ni ya Anofelesi, mbu wa malaria. Ukiyaona, tia kiuadudu cha kibayolojia kinachotengenezwa Kibaha, kwa kipimo cha maelekezo. Bakteria yake hulenga mabuu ya mbu. Oili chafu usimwage, itaua kila kilichomo. Usipoweza kukagua kila wiki, usichimbe.

Kwa msomaji wa Geita, suala zito zaidi ni zebaki. Chura hunywa kwa ngozi, hivyo sumu iliyo majini humwingia moja kwa moja. Zebaki ya mialo, yaani sehemu za kuchenjulia dhahabu, ikituama kwenye tope lisilo na hewa, vijidudu huigeuza kuwa aina kali zaidi, nayo hupanda kutoka kwa mdudu kwenda kwa chura, kisha kwa korongo au bata wako. Usichimbe dimbwi chini ya mteremko wa mwalo, usitumie marudio (mabaki ya uchenjuaji) kujengea kingo, wala pipa lililobeba sianidi kuhifadhia maji.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Wachimbaji, chenjueni mbali na makazi na vijito, na zebaki isiachwe itiririke. Maji yenye zebaki hayamfai chura, wala mtoto wako.