Gastrini, pepsinojeni na sahani ya sato

Gastrini ni homoni inayotengenezwa na seli za sehemu ya chini ya mfuko wa chakula, karibu na mlango wa utumbo mwembamba. John Edkins aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1905 huko London. Huingia kwenye damu, ikazunguka, ikarudi mfukoni kuziamuru tezi zimwage asidi.

Vyakula haviiamshi sawasawa. Kwenye sahani ya ugali na sato, kazi kubwa hufanywa na sato: protini ikianza kuvunjwa, gastrini hupanda, na kwa kawaida hufika kileleni ndani ya nusu saa hivi. Ugali, uwe wa mahindi au wa muhogo, hauna nguvu hiyo. Kahawa inayo, hata ikinywewa tupu. Anayesema "sijala, nimekunywa kahawa tu" hajafunga kwa ajili ya kipimo cha damu. Asidi ikizidi, seli jirani hutoa somatostatini, nayo huituliza gastrini.

Pepsinojeni ina tabia nyingine. Ni malighafi ya pepsini, kimeng'enya cha kuvunja protini. Nyingi humwagwa mfukoni, na kiasi kidogo tu huvujia kwenye damu. Kiasi hicho huonyesha hali ya tezi zenyewe kuliko mlo wa asubuhi. Pepsinojeni ya aina ya kwanza ikishuka chini ya mikrogramu 70 kwa lita ya damu, na uwiano wake na ya aina ya pili ukawa 3 au pungufu, hushukiwa kwamba utando wa mfuko wa chakula umesinyaa, mara nyingi baada ya miaka mingi ya bakteria Helicobacter pylori.

Mtu wa namna hiyo huwa na gastrini ya juu hata akifunga, maana asidi ya kuizuia haipo. Hapo ndipo mlo unapopotosha. Mchuuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba aliyekunywa supu ya samaki, kisha akatolewa damu muda mfupi baadaye, anaweza kusomeka kama mgonjwa. Ndiyo maana huagizwa kufunga usiku kucha. Omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, nayo hupandisha gastrini na pepsinojeni, na kufunga hakuifuti; mpimaji aambiwe.

Wakati mwingine mlo hutumiwa makusudi. Damu hutolewa, mgonjwa hunywa kinywaji chenye gramu 10 za protini, kisha hutolewa tena baada ya dakika 20. Gastrini isipopanda, seli za sehemu ya chini huenda zimekwisha, au asidi imezidi mno.