Kamera inayogoma na kupona yenyewe: Anza na betri, fundi baadaye

WAPIGA picha wengi wanaojipatia riziki kwenye harusi, mahafali na picha za pasipoti wanaijua hasara ya kamera ya dijitali yenye ugonjwa wa kuja na kuondoka. Asubuhi inapiga vizuri, mchana inazima ghafla, na jioni ikifikishwa kwa fundi inafanya kazi kana kwamba haikuwa na tatizo. Fundi haoni kosa, lakini mteja anadai picha zake, na harusi haiwezi kurudiwa.

Hitilafu ya aina hii huwa na chanzo, na mara nyingi kinapatikana bila gharama kubwa. Hatua ya kwanza ni kuwa na daftari. Kila kamera inapogoma iandikwe ilikuwa saa ngapi, juani au ndani, kwa betri ipi, kadi ipi, na kama flashi ilikuwa ikitumika. Baada ya mara nne au tano, dalili huanza kujionyesha.

Betri

Kamera huhitaji umeme mwingi kwa mkupuo, hasa lenzi inapotoka na flashi inapojichaji. Ndiyo maana betri ndogo za kawaida zilizoishindwa kamera bado zinaweza kuendesha redio kwa siku kadhaa. Kwa kamera zinazotumia betri za AA, zile za kuchaji za aina ya NiMH huhimili kazi hiyo vizuri zaidi, ingawa zina volti 1.2 badala ya 1.5. Betri mpya na kuukuu zisichanganywe.

Vyuma vinavyogusana na betri vikaguliwe pia. Vikiwa na uchafu au kutu, kamera izimwe, betri zitolewe, kisha vifutwe kwa pamba yenye spiriti kidogo na kuachwa vikauke.

Kadi

Kama kamera inagoma wakati wa kuhifadhi picha, ijaribiwe kwa kadi nyingine. Kadi ya SD ina kitufe kidogo pembeni cha kuifunga. Kikilegea, huteleza chenyewe na kamera hukataa kupiga. Kadi inayosumbua ihamishiwe picha zote kwenye kompyuta kwanza, ndipo isafishwe upya ndani ya kamera yenyewe, kwa kuwa kazi hiyo hufuta kila kitu.

Joto na unyevunyevu

Kamera iliyotoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la pwani hupata umande. Ifungwe kwenye mfuko wa plastiki mpaka ipate joto la nje.

Wanunuzi wa kamera za mitumba wana jambo la ziada la kuangalia. Oktoba 2005, kampuni kadhaa, zikiwamo Sony, Canon na Fujifilm, zilitangaza kutengeneza bure baadhi ya kamera zao, baada ya kubainika kuwa kifaa cha ndani kinachonasa picha kingeweza kuharibika kwenye joto na unyevunyevu. Picha zilitoka zimepotoka, zenye rangi zisizo zake, au hazikutoka kabisa. Kamera ya miaka hiyo ijaribiwe kwa picha nyingi kabla ya kulipiwa, na huduma hiyo ya bure isitegemewe leo.

Kitu kimoja kwa wakati

Anayebadilisha betri na kadi kwa pamoja hatajua kipi kilikuwa kibovu. Abadilishe kimoja, apige picha kadhaa katika hali ileile iliyoleta tatizo, ndipo aende kwenye kingine.

Kamera isifunguliwe nyumbani. Sehemu ya flashi hutunza umeme wa mamia ya volti hata baada ya betri kutolewa, na unaweza kujeruhi. Tatizo likizidi hapo, fundi apelekewe kamera pamoja na daftari. Na mpaka ipone kabisa, kamera hiyo isipelekwe peke yake kwenye kazi ambayo malipo ya awali yamekwisha kupokelewa.