Mwanao ana namba anayoipenda? Muulize kwa nini

Watoto wa Kilosa na Mikumi wanaogombea jezi namba 10 wana sababu: ndiyo aliyovaa Mbwana Samatta Taifa Stars. Wengine hupenda tarehe waliyozaliwa, au 7, namba ya Sabasaba, siku TANU ilipoanzishwa mwaka 1954. Hata Alex Bellos wa Uingereza alipouliza maelfu ya watu duniani, 7 iliongoza.

Kupenda namba hakuna madhara. Hatari huanza kijana anapoiita ya bahati, akaibetia hela ya ada.

Mzazi, mpe dadu arushe mara 60, ahesabu. Namba yake haipendelewi. Kila upande una nafasi moja kati ya sita. Kisha mkumbushe: chini ya miaka 18, sheria hairuhusu kubeti.