Ukitaka Kufuma, Anza na Uzi

Je, msomaji, umewahi kujiuliza uzi wa shati ulilovaa umeshikiliwa na nini? Hamna gundi humo. Chukua pamba kidogo, ile inayouzwa kwenye duka la dawa, ukaivute. Itaachana mara moja. Sasa chukua nyingine, uivute polepole huku ukiisokota kwa vidole. Utashangaa! Pamba ile ile iliyokuwa ikiachana kama moshi imegeuka uzi ambao haukatiki kwa urahisi.

Msokoto ndio siri ya kwanza ya kufuma kwa mkono, na unaweza kujifunza ukiwa nyumbani kwako, mjini, bila ya gharama kubwa. Tatizo ni kuwa wengi wanaoutamani uraibu huu hukimbilia kununua mtambo wa kufumia kabla hawajaujua uzi. Mtambo bei yake si haba, na usipojua kuutumia utaishia kuanikiwa taulo. Ushauri wetu ni huu: anza na uzi.

Kazi ya kwetu

Wapo watakaosema kuwa hii ni starehe ya Wazungu. La hasha! Wataalamu waliochimbua magofu ya Kilwa walipata vigurudumu vilivyochongwa kutokana na vigae, vilivyotumiwa kusokotea nyuzi. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza kwamba nguo zilizofumwa huko zilipelekwa hadi Misri. Nazo nguo za hariri za Pate, karibu na Lamu, zilijulikana sana kwa Wareno katika karne ya 16.

Huku bara nako tuna kiondo. Mtazame nyanya wa Machakos au Murang'a akiandaa kamba zake. Huweka nyuzi mbili za mkonge pajani na kuzisukuma mbele kwa kiganja, kila moja ikajisokota peke yake. Kisha huzirudisha nyuma zikiwa pamoja, nazo zikakumbatiana na kuwa kamba moja isiyofumuka. Kwenda ni kusokota, kurudi ni kuunganisha. Anayesokota sufu kwa kijiti hufuata kanuni hiyo hiyo.

Siku hizi viondo vingi husukwa kwa nyuzi za dukani, na ujuzi huu wa paja na kiganja unabaki kwa wazee. Kwa hivyo, mwanafunzi, ikiwa nyanya yako angali hai na aliwahi kusuka, unaye mwalimu asiyedai karo. Likizo ijayo mwombe akuonyeshe. Unaweza kusoma kitabu kizima usiambulie kile ambacho vidole vyake vitakuonyesha katika dakika kumi.

Si kila kondoo ana sufu

Anayejifunza kusokota afadhali aanze na sufu kuliko pamba. Unyuzi mmoja wa pamba una urefu wa sentimita 3 hivi, na ukivuta kupita kiasi kidogo tu, kazi yote inakatika. Unyuzi wa sufu waweza kufika sentimita 7 hadi 10, tena una mikunjo midogo inayousaidia kushikana na mwenzake.

Hata hivyo, usiende kwa mchinjaji yeyote ukamwomba ngozi. Kondoo mwekundu wa Wamaasai na yule aitwaye Dorper wana nywele fupi zisizofaa kazi hii. Sufu hutoka kwa kondoo aina ya Merino na Corriedale, wanaofugwa sehemu za baridi kama Molo, Nyandarua na Laikipia. Kilo moja itakutosha kwa muda mrefu.

Sufu mbichi ina mafuta na uchafu. Iloweke katika maji moto yenye sabuni, uitoe taratibu, kisha uisuuze kwa maji yenye joto lile lile. Usiisugue wala kuikoroga. Sufu inayosuguliwa majini, au inayotolewa kwenye maji moto na kutumbukizwa ghafla katika maji baridi, hugandamana kama blanketi na haichambuliki tena. Ianike kivulini. Ikikauka, ichane kwa brashi mbili zenye meno ya waya, kama zile za kuchania mbwa, mpaka iwe laini.

Kijiti kinachozunguka

Tafuta kijiti kilichonyooka chenye urefu wa sentimita 30. Karibu na ncha ya chini kivishe kigurudumu cha mbao, au CD mbili kuukuu zilizobanwa kwa raba. Ncha ya juu itie ndoano ndogo. Funga uzi wowote kwenye kijiti, upitishe kwenye ndoano, na mwisho wake uukunjie ndani ya sufu. Zungusha kijiti kuelekea kulia kama mtoto azungushavyo pia.

Hapo mwanzoni usijaribu kufanya mambo yote kwa pamoja. Keti kitini, zungusha kijiti, kisha kibane kati ya magoti. Sasa mikono yako miwili iko huru. Vuta sufu ikonde, halafu legeza vidole uache msokoto upande. Ukiuruhusu kupanda kabla hujavuta, utapata donge. Kijiti kitaanguka, na kitaanguka tena. Mwanzo wa ngoma ni lele. Robo saa kila jioni ni bora kuliko Jumamosi nzima kisha mwezi wa kupumzika.

Ukipata nyuzi mbili, ziunganishe kwa kuzungusha kijiti kuelekea kushoto, kinyume na mwanzo, kama afanyavyo nyanya pajani. Uzi utatulia na kuacha kujikunjakunja. Ule wa kwanza wenye madonge usiutupe, maana una kazi.

Mtambo wa boksi

Kata kadibodi ya sentimita 20 kwa 25. Toboa meno juu na chini, kila moja nusu sentimita kutoka kwa mwenzake. Tandika uzi imara wa pamba wa dukani kutoka juu hadi chini. Huu ndio mtande, na ndio unaobeba uzito wote. Uzi wako mwenyewe uwe mshindio: upitishe juu ya mmoja, chini ya mwingine, na safari ya kurudi ubadilishe. Upitishe ukiwa umepinda kama upinde kabla ya kuushindilia kwa kitana. Ukiuvuta ukanyooka, kingo zitaingia ndani na kitambaa kitakuwa na kiuno kama nyigu.

Usitarajie utajiri. Kipande cha ukubwa wa sahani chaweza kukumalizia jioni kadhaa. Lakini siku utakapokikamilisha utakuwa umejua gharama ya kila uzi, na siku hiyo, ukimkuta mama sokoni na kiondo chake, utafikiri mara mbili kabla ya kumwomba akupunguzie nusu ya bei.