Moto wa Asubuhi Hauondoi Sumu ya Usiku

Haijapata kupita Idi hata moja ambayo sisi tulio katika kazi ya usalama wa chakula hatukuulizwa, tena na watu wenye akili zao timamu na elimu ya kutosha, swali lile lile kwa maneno yale yale: pilau iliyobaki jana, ikafunikwa vizuri, ikalala jikoni hadi asubuhi, nikiipasha moto mpaka itoe mvuke, si nitakuwa nimewaandalia wageni wangu chakula salama? Huuliza mama mwenye nyumba aliyejaliwa mawifi na mashemeji kutoka Tanga na Pemba, na wote wamelala kwake. Huuliza baba anayeitazama sufuria iliyo nusu na moyo wake ukakataa kukubali hasara. Na huuliza, astaghafiru, hata baadhi ya wenzetu wavaao makoti meupe, ambao ingewapasa kuona haya. Kila aulizaye huulizia moto wa asubuhi, ilhali kadhia yenyewe ilikwisha tangu usiku.

Tuitazame siku jinsi inavyokwenda. Pilau ya Idi Mosi aghalabu huipuliwa saa nne au saa tano ya asubuhi, baada ya watu kurejea kutoka kuswali, huliwa adhuhuri, na tangu alasiri nyumba huwa tupu, wakubwa wamekwenda kupeana mikono na jamaa, watoto wamekwenda viwanja vya sikukuu. Sufuria ya kilo kumi za mchele, iliyofunikwa kwa mfuniko mzito na kuachwa juu ya mafiga yenye majivu ya moto, haipoi upesi: ukiigusa juu utasema imepoa, kumbe katikati ingali vuguvugu hata usiku umekwenda sana. Tangu saa saba ya mchana hadi saa moja ya asubuhi ya Idi Pili ni saa 18. Na Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama zilizotolewa mwaka 2001, liliagiza kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la nyumba zaidi ya saa 2. Vijidudu hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za sentigredi, na hewa ya pwani yetu, yenye nyuzi 28 au 30, imo ndani kabisa ya mipaka hiyo.

Mchele hutoka shambani pamoja na kijidudu cha udongoni kiitwacho Bacillus cereus, ambacho kikifikwa na dhiki ya ukavu au ya joto hujifungia ndani ya gamba gumu, na katika hali hiyo sisi hukiita mbegu. Mbegu hizo hustahimili kuchemshwa. Pilau huiva, mpishi husifiwa, nazo zingali hai humo humo. Na wali ukishapoa ukawa vuguvugu, wenye unyevu wake na wanga wake, mbegu huamka, huzaana, na katika kuzaana kwao hutema sumu ambayo wataalamu huiita sereulidi. Sumu hii haina uhai, na kisicho na uhai hakiuliwi. Maabara zimeijaribu kwa joto la nyuzi 121, lipitalo lile la maji yachemkayo, kwa muda uliozidi saa nzima, nayo ikabaki na nguvu zake zote. Kuipasha moto pilau ya namna hiyo ni sawa na kumwua nyoka aliyekwisha kuuma: nyoka amekufa kweli, na sumu ingali mguuni. Mlaji huanza kutapika baada ya nusu saa hadi saa 6, na kwa kuwa amekula kitu kilichokuwa kikifuka moshi, haimpitikii hata kidogo kukishuku.

Asili ya itikadi hii inajulikana. Kwa miaka mingi maafisa wa afya wamepita mitaani na vijijini wakihimiza watu wachemshe maji na maziwa, na mahimizo hayo ni ya haki, kwani kijidudu cha kipindupindu na kile cha homa ya matumbo hufa katika maji yachemkayo, na kikishakufa madhara yake yamekwisha. Watu wakayashika mafunzo, kisha kwa mghafala wa akili wakayahamisha kutoka mtungini hadi kwenye sufuria ya pilau, wasiulize kama adui wa huku ni yule yule wa kule. Na kinachoipa dhana hii maisha marefu ni kwamba ina nusu ya ukweli. Katika nyama na mchuzi mzito wa karamu hupatikana kijidudu kingine, Clostridium perfringens, ambacho mbegu zake nazo hustahimili kupikwa, na ambacho katika joto la nyuzi 43 hadi 46 huweza kuongezeka maradufu kwa muda usiofika dakika 10, hata kimoja kikawa 4,096 kwa saa 2 na 262,144 kwa saa 3. Hiki hudhuru kinapomezwa hai kwa wingi, na kwa hiyo joto la kutosha lingekimaliza kabla ya kufika mdomoni. Lakini ni nani apashaye sufuria ya kilo kumi hata katikati yake ikafika nyuzi 70? Mpashaji huchochea chini, hukoroga mara mbili kwa upawa, huona mvuke pembeni, huridhika. Fauka ya hayo, nyumba nyingi zina desturi ya kurudisha sufuriani yaliyobaki katika masinia, yakiwa yamekwisha guswa na mikono ya watu sita. Na katika ngozi na pua za watu hukaa kijidudu cha tatu, Staphylococcus aureus, ambacho sumu yake nayo haivunjwi na kuchemshwa. Hata hivyo bado naulizwa juu ya moto.

Wala jambo hili halikugunduliwa jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Uingereza, watu waliokula wali wa kukaanga katika mikahawa ya Kichina walishikwa na matapishi makali saa chache baada ya kula, na uchunguzi ukaonyesha kwamba wapishi walichemsha wali mwingi kwa pamoja, wakauacha jikoni usiku, kwa sababu uliowekwa katika baridi hushikamana ukawa haukaangiki vizuri, na siku ya pili wakaukaanga pamoja na mayai juu ya moto mkali kuliko wowote tuutumiao sisi kupasha pilau. Kama moto ungekuwa dawa, mikahawa ile isingeandikwa katika vitabu vya taaluma yetu.

Baada ya moto huja ndimu. Wapo wanaoamini kwamba kuukamulia wali ndimu, au kuunyunyizia siki, huondoa ubaya wake. Ndimu hulainisha ladha na kuficha uchachu, na hapo ndipo penye hatari yake, maana huondoa dalili na kuiacha sababu. Sumu tuliyoitaja haivunjwi na ukali wa ndimu wala na ukali wa tumbo lenyewe. Wengine hutegemea viungo, wakidai kwamba bizari, karafuu na pilipili manga huhifadhi chakula. Viungo vikavu ni miongoni mwa njia ambazo mbegu za Bacillus cereus huingilia jikoni, na kiasi kinachotiwa katika pilau kinatosha kunukisha mtaa mzima, hakitoshi kuhifadhi hata kijiko kimoja. Na wengine huinama juu ya sufuria wakanusa, kisha wakatoa hukumu. Kunusa hutambua wali uliochacha, hasa wa nazi, ambao uchachu wake hujitangaza wenyewe. Sereulidi haina harufu, haina rangi, haina ladha. Pua haina ushahidi wowote wa kutoa hapo.

Najua pia nitaambiwa kwamba wazee wetu walikula mwiku maisha yao yote na wakafika uzeeni. Wazee hao aghalabu walipikia chungu cha kuwatosha watu wa nyumba moja, kikaliwa kikaisha baada ya isha, na mwiku wao ulikuwa kipande cha muhogo au mkate wa jana, si robo ya gunia la mchele uliofungiwa joto lake usiku kucha. Tena hao waliotapika baada ya karamu hawakukosekana, ila walisemwa wamevimbiwa, au wamezidisha mafuta, au wamepatwa na kijicho cha mtu. Kutolipa jambo jina lake hakulifanyi lisiwepo.

Hoja ya mwisho, nayo ndiyo niiheshimuyo kuliko zote, ni kwamba kumwaga chakula ni israfu, na israfu imekatazwa. Ni kweli imekatazwa. Lakini israfu haikutendwa asubuhi pale chakula kilipomwagwa. Ilitendwa jana yake pale mchele wa watu sitini ulipopimwa kwa watu thelathini ili majirani waione sufuria kubwa. Aliyekosea kipimo hana haki ya kuyafanya matumbo ya wageni wake kuwa ghala la makosa hayo.

Basi wageni wale nini siku ya pili? Hapa sitarefusha, kwani mambo yenyewe ni mepesi.

Asubuhi wape mbaazi za nazi na mahamri: mbaazi hurowekwa usiku, huchemshwa alfajiri, hutiwa tui zikikaribia kuliwa, na mahamri si lazima uyasukume wewe, jirani anayauza. Au wape chapati na supu ya mifupa iliyolala mibichi ndani ya barafu. Mchana pika mseto wa chooko, sufuria moja na mwiko mmoja, uliwe na mchuzi wa papa au ng'onda. Au muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Au ndizi mbichi kwa nyama kidogo. Au mayai na mkate wa mofa kwa wale ambao hawajatulia tangu jana, nao ni wengi kuliko wanavyokiri. Kachumbari ikatwe saa ya kula. Tende, halua na visheti havina neno, kwa kuwa sukari na ukavu huvihifadhi, na matunda yamenywe yakitakwa. Hakuna mgeni muungwana atakayekasirika kwa kukosa pilau siku mbili mfululizo. Wengi watashukuru kimoyomoyo.

Anayeshikilia kwamba lazima iwepo pilau na Idi Pili, basi siku ya Idi atenge sehemu ya nyama na viungo vyake kabla mchele haujatiwa, aipoze upesi katika bakuli ndogo, aiweke kwenye friji, na kesho yake aichemshe barabara na kutia mchele mpya. Mchele mkavu hauna haraka.

Pilau iliyosalia mchana, ikitakwa kuhifadhiwa, iondolewe katika sufuria watu wakimaliza kula, itandazwe katika masinia safi kwa kina kisichozidi vidole viwili, na ndani ya saa 2 tangu kuipuliwa, au tangu kuondolewa penye moto wa kuihifadhi juu ya nyuzi 60, iwe imekwisha ingia kwenye friji ndani ya vyombo vifupi. Kuitia sufuria nzima ya moto katika friji si kuihifadhi, kwa kuwa katikati yake itabaki vuguvugu mpaka usiku, na vilivyo jirani vitapata joto pamoja nayo. Ipashwe mara moja tu, kidogo kidogo, hadi mvuke utoke kati kwa kati, na iliwe iishe siku ile ya pili. Masalio ya masinia yaliyokwisha guswa na mikono yasichanganywe nayo kamwe. Asiye na friji, au ambaye umeme wake hauna ahadi, agawe: sahani ziende kwa jirani na kwa wenye haja kabla ya alasiri, chakula kingali cha moto, apate thawabu pamoja na usingizi.

Na ikiwa mtu amekwisha kula na ameanza kutapika, asipewe maziwa kwa dhana kwamba yatazimua sumu, kwani hayazimui. Apewe, kwa funda ndogo ndogo, maji yaliyochanganywa na pakiti ya chumvi na sukari inayouzwa katika maduka ya dawa, pakiti moja kwa lita 1 ya maji safi, au kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Mtoto mdogo, mzee, mwanamke mwenye mimba, asiyeweza kubakisha hata maji tumboni, na yeyote aonaye damu katika choo chake, hao wapelekwe hospitali bila kungoja kukuche.

Kwa wenye nyumba wote wanaojiandaa kupokea jamaa, ombi langu ni hili: pimeni mchele kwa idadi ya watu, rowekeni mbaazi usiku wa Idi Mosi, na ile pilau iliyolala nje msiipashe moto wala msiikamulie ndimu. Imwageni.