Je, Wajua? Kistari Kimoja Huivuta Sauti ya Besi

Wanakwaya wengi wa Afrika Mashariki hujifunza nyimbo kwa solfa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi tu, bila ile mistari mitano. Msingi wake uliwekwa Uingereza na Sarah Glover wa Norwich. Kuanzia miaka ya 1840, mchungaji John Curwen aliuboresha na kuueneza.

Herufi zinaonyeshaje sauti inayoshikiliwa huku nyingine ikitembea? Nukta pacha hutenganisha mapigo, na kistari humwambia mwimbaji aendelee kuvuta:

Sauti ya kwanza: | s :f :m |
Besi: | d :– :– |

Hapa besi inashikilia do kwa mapigo matatu, na juu yake sauti ya kwanza inashuka so, fa, mi. Mapigo yakipangwa wima, mwalimu anaona papo hapo nani anavuta na nani anabadilisha.

Kwenye kompyuta kuna njia fupi zaidi. Katika ABC, mfumo ulioanzishwa na Chris Walshaw, tarakimu huonyesha urefu wa noti, mkato huishusha oktavu moja, na alama ya & huturudisha mwanzo wa kipimo ili tuongeze sauti nyingine. Do ikiwa C, na herufi moja ikiwa sawa na pigo moja, sauti zetu mbili zinaenea kwenye mstari mmoja:

| G F E & C,3 |

Kwa hiyo ujumbe wa kawaida wa simu unatosha kumtumia mwanakwaya wimbo mzima.